Maswali ya Wasomaji: Ni Dutu Ile Ile au Imetokea Mpya?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka mitaa tofauti ya Nairobi na kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini zinauliza jambo moja: kitu kikibadilika mbele ya macho yetu, tutajuaje kama kimebadilika umbo tu au kimegeuka kuwa kitu kingine kabisa? Tumechagua chache, na pale ambapo jambo lenyewe linadai maelezo marefu hatukuyafupisha.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Umoja. Binti yangu yuko Gredi ya 8, na katika daftari lake la sayansi ameandika kwamba badiliko la kikemia hutambulika kwa ishara nne: mapovu, kubadilika kwa rangi, kutoka au kuingia kwa joto, na kutoweza kurejea hali ya awali. Juzi alifungua chupa ya soda, akatazama mapovu yakipanda, akaniuliza mbona soda imetoa ishara ya kwanza ilhali imebaki kuwa soda. Sikuwa na jibu. Je, ishara hizo ni za kuaminika? — Mama wa mwanafunzi, Umoja

JIBU: Mama, tafadhali mpe binti yako hongera kutoka kwangu, kwa sababu ameona kasoro ambayo wanafunzi wengi huipita wakikariri. Ishara zile nne si uongo, lakini hazitoshi, na huniuma kila ninapoziona zimeandikwa ubaoni bila neno moja la kueleza zinaashiria nini. Kinachotenganisha mabadiliko ya aina hizi mbili ni kimoja tu: baada ya badiliko, tunayo dutu ile ile tuliyoanza nayo, au imetokea dutu nyingine? Maji yakiganda katika friji, kila molekuli ya maji inabaki na atomu zake mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, na kilichobadilika ni mpangilio wa molekuli hizo na uhuru wao wa kusogea. Hilo ni badiliko la kiumbo. Makaa yakiwaka jikoni, atomu za kaboni zinashikana na oksijeni ya hewani na kufanya kaboni dayoksaidi, ambayo ni gesi isiyofanana na kaa hata kidogo. Hilo ni badiliko la kikemia, na ndani yake atomu hazikupotea wala hazikuongezeka, ila zimeachana na kuungana upya kwa namna nyingine.

Tukilishika swali hilo, soda haitusumbui tena. Kiwandani, kaboni dayoksaidi ilisukumwa ndani ya kinywaji kwa shinikizo kubwa, kisha kifuniko kikaizuia. Ukikifungua, shinikizo linashuka na gesi inatoka. Ilikuwa kaboni dayoksaidi kabla, na ni kaboni dayoksaidi baada. Sasa mwambie binti yako akamulie limau juu ya kipande cha magadi yanayouzwa sokoni. Mapovu yatafoka, na gesi iliyomo ndani yake ni kaboni dayoksaidi vilevile, lakini safari hii haikuwa imejificha humo kama gesi. Kaboni na oksijeni zilikuwa sehemu ya muundo wa magadi yenyewe, na asidi ya limau ndiyo iliyozivunja kutoka katika muundo huo. Mapovu yanafanana na gesi ni moja, ila katika soda imeachiliwa tu na katika magadi imetengenezwa. Jicho peke yake haliwezi kuona tofauti hiyo. Inabidi kuuliza gesi imetoka wapi. Hata maji ya chai yanayochemka hutoa mapovu ya asili mbili: yale madogo ya mwanzo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, na yale makubwa ya mwisho ni maji yenyewe yaliyogeuka mvuke, na yote ni mabadiliko ya kiumbo.

Rangi nayo inadanganya. Kitenge kikilowa huonekana cheusi zaidi, na hakuna kilichozaliwa. Kiazi kilichomenywa kikiachwa mezani hugeuka kahawia, na hapo kweli pana mmenyuko, yaani badiliko la kikemia, kwa sababu vimeng'enya vya kiazi (protini zinazoharakisha mimenyuko) vinaunganisha kemikali zake na oksijeni. Ndiyo maana mpishi hukitumbukiza katika maji ili hewa isikifikie. Kuhusu joto, sitasema mengi: kilo moja ya barafu hunyonya kilojuli 334 hivi ili iyeyuke, nayo ni nishati nyingi, na mwishowe tunapata maji yale yale.

Ishara ya nne ndiyo inayopotosha zaidi, na ningependa binti yako aitilie shaka mapema. Mahindi yakishasagwa hakuna mashine itakayoyarudisha kuwa punje, ila unga ule ni mahindi yale yale yaliyovunjwavunjwa, kwa hivyo badiliko ni la kiumbo ijapokuwa halirejei. Upande wa pili, yapo mabadiliko ya kikemia yanayorejea bila taabu. Mrututu, zile fuwele za buluu ambazo wanafunzi wa sekondari hupasha moto maabarani, hutoa maji na kubaki unga mweupe. Ukidondosha maji juu ya unga huo, buluu inarudi papo hapo na bomba la kioo linapata joto mkononi. Betri ya matatu nayo ni ushahidi ulio wazi. Dereva anapowasha injini, sahani za risasi na za oksidi ya risasi zilizomo ndani ya asidi ya salfuriki zinaanza kugeuka salfeti ya risasi, na gari likishaanza kwenda, umeme unaotoka kwa altaneta, kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka, unaurudisha nyuma mmenyuko huo. Jambo hilo hutokea barabarani tangu alfajiri hadi usiku, na hakuna mwanakemia atakayesema kwamba kinachofanyika ndani ya betri ni badiliko la kiumbo.

Ukitaka kumwonyesha tofauti kwa macho, mama, tumia sukari, nawe usimame karibu naye kwa sababu sukari iliyoyeyuka kwa moto hunata kwenye ngozi na kuunguza vibaya. Koroga kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya moto: sukari inapotea machoni, lakini utamu umeenea kila mahali, na hiyo ni dalili kwamba molekuli zake ni nzima. Kisha weka kijiko kingine katika sufuria kuukuu juu ya moto mdogo. Kwanza fuwele za pembeni zitalainika na kuwa majimaji ya rangi ya asali. Rangi itaendelea kuwa kahawia huku harufu ikibadilika mara kadhaa. Mwishowe mapovu mazito yatainuka, moshi utatoka, na kitakachobaki ni kitu cheusi, chepesi, chenye vitundu. Shikilia mfuniko baridi juu ya sufuria wakati huo na utaona ukungu wa matone. Maji hayo hayakumiminwa na mtu. Yametokana na haidrojeni na oksijeni zilizokuwa sehemu ya molekuli ya sukari, na kile cheusi kwa sehemu kubwa ni kaboni iliyoachwa nyuma. Kisage, kitie majini, ukoroge utakavyo: hakitayeyuka, kwa kuwa si sukari tena.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa mjengo hapa Ruai. Nimemwaga slabu ya mteja na kila asubuhi na jioni naimwagilia maji. Mteja anateta kwamba namchelewesha, kwamba slabu itakaukaje ikiwa nailowesha kila siku, tena bili ya maji inapanda. Nifanye nini ili anielewe? — Fundi, Ruai

JIBU: Fundi, uko katika haki, na ningeomba mteja wako asome jibu hili kabla hajakuzuia. Anafikiri kwamba slabu hugumu kwa kupoteza maji, jinsi nguo inavyokauka kwenye kamba. Saruji haifanyi hivyo. Inahitaji maji kwa sababu maji ni mojawapo ya dutu mbili zinazoungana kufanya kile kinachoshikilia kokoto na mchanga. Ukiyaondoa maji mapema, mmenyuko unakatika njiani, na sehemu ya saruji uliyolipia inabaki bila kufanya kazi.

Tuanzie kiwandani. Mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi husagwa na kuchomwa katika tanuri linalofikia takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Kusaga ni badiliko la kiumbo. Kuchoma ni la kikemia, kwani chokaa inatoa kaboni dayoksaidi na kinachobaki kinaungana na silika ya udongo kufanya silikati za kalisi. Mabonge yanayotoka tanurini yanasagwa pamoja na jasi kidogo, ambayo kazi yake ni kuichelewesha saruji isishike kabla fundi hajaisambaza. Unga huo unaofungwa mifukoni, katika viwanda vya Athi River na kwingineko, una kiu ya maji. Unapoyapata, silikati zinashikana na molekuli za maji na kukuza nyuzi na vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyofumana vyenyewe kwa vyenyewe na kung'ang'ania mchanga. Joto hutoka pia. Ukiweka kiganja juu ya konkriti nene siku ya kwanza utalihisi. Ushahidi mkubwa zaidi ni kwamba konkriti hugumu hata ikiwa chini ya maji, jambo lisilowezekana kama ingekuwa inakauka tu.

Kwa hiyo endelea kumwagilia kwa muda usiopungua siku 7, na ikiwa bili ndiyo kero, funika slabu kwa magunia yaliyoloweshwa au kwa karatasi ya nailoni ili maji yasiruke hewani, hasa Januari na Februari ambapo jua la Nairobi ni kali na hewa ni kavu. Wahandisi huyavunja matofali ya majaribio yakitimiza siku 28 ili kupima nguvu, kwa sababu mmenyuko huo ni wa polepole, na hata baada ya hapo unaendelea kidogo kidogo.

Mfuko wa saruji uliopata unyevu ukafanya mabonge magumu tayari umeshamenyuka na maji ya hewani, na kuyaponda mabonge hayo kwa nyundo hubadilisha ukubwa wa vipande bila kuirudisha saruji ilivyokuwa. Vivyo hivyo mota iliyoanza kushika kwenye karai hairejeshwi kwa kuongezewa maji. Tena saruji mbichi ina ukali wa alkali unaochoma ngozi taratibu bila maumivu ya mwanzo, basi vaa glovu na buti, na wasaidizi wako wanawe kila wanapopumzika.

SWALI: Mwalimu hujambo. Nina kibanda cha chakula Gikomba, nauza githeri. Nikitia magadi maharagwe huiva haraka na makaa hayaniishii. Mteja mmoja aliniambia magadi ni kemikali mbaya. Mwingine akasema yanayeyuka tu kama chumvi, hayana neno. Nani mkweli? — Mama wa kibanda, Gikomba

JIBU: Sijambo, mama. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Magadi unayonunua huvunwa katika Ziwa Magadi, kwenye Bonde la Ufa katika Kaunti ya Kajiado, na kampuni ya kuyavuna ilianzishwa mwaka wa 1911. Jua kali la bonde hilo linavukiza maji ya ziwa na kuacha tabaka gumu la chumvi za sodiamu. Huko kukauka kwa ziwa ni badiliko la kiumbo. Unapoyatia katika sufuria yanayeyuka kweli, na kama kazi yake ingeishia hapo, maharagwe yasingeiva upesi hata kidogo.

Kinachofuata ndicho cha kikemia. Chembechembe za haragwe zimeshikanishwa na gundi ya asili iitwayo pektini, ambayo kalisi iliyomo ndani ya haragwe huifanya iwe ngumu. Magadi yanayafanya maji kuwa na alkali, na katika maji ya namna hiyo pektini inavunjika na kuyeyuka kwa kasi, ganda likalainika na haragwe likapasuka. Lakini alkali haichagui, kwani inavunja pia vitamini B1 iliyomo ndani ya maharagwe yale yale, na magadi yakizidi, githeri hupata ladha ya sabuni. Ushauri wangu ni kuloweka maharagwe na mahindi usiku kucha. Maji yataingia ndani ya punje, jambo ambalo kwa sehemu kubwa ni la kiumbo, na asubuhi moto utakuwa na kazi ndogo zaidi, hivyo magadi unaweza kuyapunguza sana au kuyaacha.

Na kama umewahi kusikia jamaa wa Mombasa wakidai kwamba kwao maharagwe huiva upesi, hawajigambi bure. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa hapa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kuongeza makaa hakuongezi joto la maji yanayochemka. Kunaongeza mvuke tu unaopotea. Kuchemka kwenyewe ni badiliko la kiumbo, ila ndiko kunakoweka mpaka wa kasi ya mimenyuko ndani ya punje. Sufuria ya presha inauvuka mpaka huo kwa kuufungia mvuke ndani hadi maji yapite nyuzi 110, na kwa biashara kama yako naamini gharama yake itarudi kwa makaa utakayookoa.

SWALI: Mwalimu, naishi Pipeline, Embakasi. Nikipika kwa gesi, mtungi unakuwa baridi na kutoa jasho, na nikiweka sufuria jikoni, chini yake panalowa kwa muda kabla ya kukauka. Jirani ananiambia gesi imechanganywa na maji. Je, nimepunjwa? — Msomaji, Pipeline

JIBU: Ndugu, uliyoyaona hayathibitishi kwamba umepunjwa, na nafurahi umeyachungulia, maana hapo mbele yako pana mabadiliko kadhaa yanayofuatana. Ndani ya mtungi, propeni na buteni zimegandamizwa hadi zikawa majimaji. Ukifungua, majimaji hayo yanageuka gesi, na ili yageuke lazima yapate joto, ambalo huchukuliwa kutoka kwa mtungi wenyewe. Ndiyo sababu unakuwa baridi. Unyevu wa hewa ya chumbani unagusa chuma hicho baridi na kufanya matone. Kufikia hapa yote ni ya kiumbo: propeni ni propeni, maji ni maji.

Mwali wa buluu ndipo mahali ambapo dutu zinabadilika. Haidrojeni ya gesi inaungana na oksijeni kufanya maji, na kaboni yake inafanya kaboni dayoksaidi. Kilo moja ya propeni ikiungua vizuri hutoa takriban kilo 3 za kaboni dayoksaidi na zaidi ya kilo 1.6 za maji; uzito huo wa ziada ni wa oksijeni iliyotoka hewani. Maji hayo huzaliwa yakiwa mvuke usioonekana, na yakikutana na kitako baridi cha sufuria hugeuka matone, kisha sufuria ikipata moto yanavukizwa tena. Kwa hivyo unyevu ulio chini ya sufuria ni maji mapya, ambayo dakika moja kabla hayakuwepo popote kama maji.

Mwali ukiwa wa manjano na kuacha masizi, gesi haipati hewa ya kutosha. Safisha tundu za jiko na ufungue dirisha. Ukishuku kwamba gesi inavuja, usijaribu kamwe kwa kiberiti. Paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kichwa cha mtungi, na mapovu yakivimba, funga mtungi na ufungue milango. Mapovu hayo ni ya kiumbo tu, lakini yanatangulia moto unaoweza kuteketeza ploti nzima. Na kwa kuwa nyumba za eneo lako zimebanana, naomba niongeze la jiko la makaa: usilale nalo ndani wakati wa baridi ya Julai. Makaa yakikosa oksijeni hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wanaoivuta huhisi usingizi na kichwa kuuma, na wengi hawapati nafasi ya kuamka.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Rafiki yangu na mimi tunabishana. Yeye anasema chumvi ikiyeyuka majini ni badiliko la kikemia, mimi nasema ni la kiumbo. Na yai likichemshwa je? — Mwanafunzi, Kayole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika mtihani andika kwamba ni la kiumbo, kwani ukivukiza maji unapata chumvi ile ile kwa uzito ule ule, na hakuna dutu mpya uliyoweza kuitenga. Lakini usimcheke rafiki yako. Ndani ya fuwele ya chumvi, ayoni (chembe zenye chaji) za sodiamu na za kloridi zimeshikana kwa nguvu, na maji yanaziachanisha na kuzizunguka moja moja, jambo linalowafanya baadhi ya wanakemia wasite kuliita la kiumbo tupu. Mpaka huu uliwekwa na binadamu ili kupanga maarifa, na zipo sehemu chache ambapo umefifia.

Yai nalo liko karibu na mpaka huo. Joto halikati nyuzi za protini. Linazikunjua, kisha nyuzi hizo zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa viungo vipya, baadhi vikiwa vya salfa, hadi ute unakuwa mweupe na mgumu. Vitabu huliweka upande wa kikemia, nami nakubaliana navyo. Ukitaka ushahidi usiobishaniwa, chemsha yai kupita kiasi, ulikate katikati, utazame pale kiini kinapokutana na ute. Utaona duara la kijani-kijivu. Hiyo ni salfidi ya chuma, iliyotokea baada ya salfa ya ute kukutana na chuma cha kiini, na haikuwepo katika yai bichi.

SWALI: Mwalimu, natengeneza masanduku na majiko Kamukunji. Mabati yangu hupata kutu mahali nilipochomelea. Je, kutu ni chuma kilichochakaa tu, na ninaweza kukirudisha kwa kusugua? Pia rangi ya mafuta hunichelewesha kukauka hata juani. — Fundi wa jua kali, Kamukunji

JIBU: Fundi, kukunja, kukata na kugonga bati ni mabadiliko ya kiumbo, na chuma hakipotei humo. Kutu ni kitu kingine. Chuma kimeungana na oksijeni mbele ya maji, na gramu 112 za chuma zikigeuka oksidi kabisa hufanya gramu 160, bila ya kuhesabu maji yanayoshikiliwa ndani ya kutu. Mwanakemia Lavoisier wa Ufaransa alilipima jambo la aina hii mwaka wa 1774: alichoma bati (metali ya tin, si mabati ya chuma kama yako) katika chombo cha kioo kilichozibwa, akakuta uzito wa jumla haujabadilika, na alipokifungua hewa ikaingia kwa kishindo kujaza nafasi ya ile iliyokwisha kushikwa na metali. Kwa hiyo unaposugua, unaiondoa dutu mpya na kufichua chuma kilichosalia. Kilichokwisha kugeuka hakirudi kwa msasa. Kurudisha chuma kutoka kwa oksidi yake ni kazi ya tanuri lenye kaboni.

Mabati yako yamepakwa zinki, ambayo humenyuka kabla ya chuma na hivyo kukilinda hata palipokwaruzwa. Unapochomelea, zinki hiyo inachemka na kuungua, ndipo unapoona moshi mweupe na unga ulio wa manjano ukiwa moto, ambao hugeuka mweupe ukipoa. Kule kuungua ni mmenyuko. Ile manjano kugeuka nyeupe ni badiliko la kiumbo la oksidi ile ile. Usiuvute moshi huo, kwani huleta homa na kutetemeka usiku. Ondoa zinki kwa msasa mahali pa kuchomelea, na ufanyie kazi penye upepo. Mshono ulioachwa wazi hauna tena kinga, basi ndio unaoliwa na kutu kwanza.

Kuhusu rangi, ile ya maji hukauka kwa kupoteza maji. Ya mafuta hupoteza kiyeyushi chake kwanza, kisha mafuta yenyewe yanashika oksijeni ya hewani na kufungamana kuwa ngozi ngumu, na hatua hiyo ya pili ndiyo inayokuchelewesha. Jua linasaidia kwa joto, lakini ukipaka tabaka nene ngozi inafungika juu na chini panabaki mbichi. Sugua mshono hadi chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo kabla ya umande wa usiku, kisha paka tabaka nyembamba mbili za rangi ya mafuta, ukiliacha sanduku mahali penye hewa inayopita hadi la kwanza lishike kabla hujaweka la pili.